Programu huria na hifadhi za vyuo vikuu: nani anashika funguo za kabati?

Mwaka jana mwenzetu mmoja darasani alikuwa anaandika insha yake ya mwaka wa tatu juu ya dhana ya mtu katika methali za kwao. Jaalimu wake akamwambia kwamba yupo padri mmoja, sasa ni marehemu, aliyewahi kuandika tasnifu juu ya jambo hilo hilo zaidi ya miaka 30 iliyopita. Ikaanza kazi ya kuitafuta. Chuo kikuu alikosoma marehemu kilijibu kwamba nakala yao ilihamishwa pamoja na vitabu vingine wakati jengo linakarabatiwa, na tangu hapo haikuonekana. Nakala ya pili ilikuwa hapa hapa seminarini, katika kabati la mbao nyuma ya ukumbi wa mihadhara. Tulipolifungua, mchwa walikuwa wametutangulia. Jalada lilikuwa zima, na jina la mwandishi lilisomeka vizuri kwa herufi za dhahabu. Ndani kulikuwa na udongo na vipande vya karatasi.

Padri yule alizunguka vijijini akiwasikiliza wazee ambao nao wote wameshafariki. Kilichopotea mle kabatini hakiwezi kuandikwa upya na mtu yeyote, hata awe na akili kiasi gani.

Kisa hicho ndicho kilichotusukuma, sisi mafrateri watano wa Falsafa, kujifunza jinsi vyuo vikuu vinavyohifadhi kazi za wanafunzi na walimu wao kwa njia ya kompyuta, na kwa nini vingi kati ya hivyo vinatumia programu huria. Sisi si mafundi. Tumeuliza wakutubi, tumesoma, na tumejaribu kwa mikono yetu, tukaharibu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Tuanze na hifadhi yenyewe. Hifadhi ya kidijitali ya chuo kikuu ni mahali ambapo tasnifu, makala za utafiti, hotuba na nyaraka nyingine za chuo huwekwa ili zitunzwe kwa muda mrefu na zisomwe na watu walio mbali. Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema: si tuziweke tu kwenye flashi, au kwenye kundi la WhatsApp la darasa? Lakini flashi hupotea, kundi hufa wanafunzi wakimaliza, na hata faili likibaki, nani atajua kwamba lipo? Tusichanganye pia hifadhi na katalogi ya maktaba. Vyuo vingi vinatumia Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lake kwa lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Koha inakuambia kitabu kiko rafu ya ngapi na nani amekiazima. Hifadhi ya kidijitali inakupa kazi yenyewe uisome hapo ulipo.

Sasa neno huria. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo mtumiaji yuko huru nazo. Kwa miaka mingi ilimbidi arudie kueleza kwamba hazungumzii bei, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa mambo hayo mawili. Kiswahili kimetuepusha na taabu hiyo, maana tuna bure na tuna huru. Cha bure unaweza kupewa leo na kunyang'anywa kesho. Programu nyingi zilizomo katika simu zetu ni za bure, ila hatuna uhuru wowote juu yake.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa kila mtu. Unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kumpa mwenzako. Fikiria parokia iliyonunua mashine ya kusaga ambayo kifuniko cha injini kimechomelewa, na aliyeiuza ndiye pekee mwenye ruhusa ya kukifungua. Siku atakapofunga duka, parokia itabaki na chuma. Mashine ambayo kifuniko chake kina nati za kawaida, fundi yeyote wa hapo mjini ataifungua. Uhuru huo umeshawahi kuwanufaisha Waswahili moja kwa moja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, hivyo hawakuhitaji kusubiri kampuni yoyote ione kama Kiswahili kina faida kibiashara.

Kwa upande wa hifadhi, programu inayojulikana zaidi ni DSpace. Ilitengenezwa na maktaba za MIT pamoja na maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa kwa umma Novemba 2002. Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilikuwa kimeshatangulia na EPrints mwaka 2000, nayo ni huria na inatumika hadi leo. Hapa kwetu Afrika Mashariki DSpace ndiyo iliyoenea. Makerere wanaitumia, Nairobi wanaitumia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wanaitumia. Yenyewe imesimama juu ya programu huria nyingine: PostgreSQL inatunza kumbukumbu, Solr inafanya kazi ya kutafuta, na chini yake mara nyingi kuna Linux.

Mpangilio wake wa ndani ulitufurahisha, kwa sababu ngazi ya juu kabisa inaitwa jumuiya, na ndani ya jumuiya kuna jumuiya ndogo. Hakuna mwanaparokia anayehitaji kuelezwa zaidi! Kitivo kinaweza kuwa jumuiya, idara ikawa jumuiya ndogo, ndani yake kuna mikusanyo kama vile tasnifu za uzamili, na ndani ya mkusanyo ndimo zilimo kazi zenyewe. Kila jumuiya inaweza kupewa wasimamizi wake bila kuwapa funguo za nyumba nzima.

Kila kazi inayoingia inaambatana na metadata, yaani maelezo juu ya kazi: mwandishi, kichwa, tarehe, mada, lugha, haki. DSpace inafuata Dublin Core, kanuni yenye vipengele 15 vya msingi iliyoanza katika mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, ule wa Ohio, Marekani, si wa Ireland. Sisi wanafalsafa tulitaniana kwamba faili ni maada na metadata ni umbo. Jaalimu wetu wa metafizikia hakucheka. Lakini kuna ukweli ndani yake, nasi tuliuona kwa uchungu wa watu wengine.

Chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, kilikuwa na hifadhi nzuri iliyojengwa na kijana mmoja hodari. Akapata kazi kwingine, akaondoka na neno la siri kichwani. Miezi michache baadaye diski ya seva ikafa. Wakutubi hawakuwa na hofu kubwa, kwa kuwa walikuwa na nakala rudufu ya folda la faili zote. Walipolifungua wakakuta maelfu ya faili zisizo na jina wala kichwa, kila moja ikiitwa kwa mfuatano mrefu wa tarakimu. Ndivyo DSpace inavyofanya kazi: faili zinakaa mahali pamoja kwa namba za ndani, na kanzidata inakaa mahali pengine ikijua namba ipi ni tasnifu ya nani. Wao walikuwa wamenakili faili tu. Ilibidi wafungue moja moja, wasome jalada, na kuandika upya. Walikaa miezi mitano bila hifadhi. Tulipomuuliza mkutubi aliyetusimulia kisa hicho kama wanajuta kutumia programu huria, alisema hapana. Fundi wa chuo jirani aliweza kuja kuwasaidia, kwa kuwa DSpace yao ni ile ile anayoijua yeye. Kilichowaangusha ni kumwachia mtu mmoja kila kitu, na kutowahi hata mara moja kujaribu kurudisha kutoka kwenye nakala zao ili waone kama inawezekana.

Jambo la pili lenye uzito ni anwani. Anwani za tovuti hubadilika: chuo kinabadili jina, seva inahamishwa, na kiungo kilichotajwa katika tasnifu ya mtu kinafunguka kwenye ukurasa mtupu. Kwa sababu hiyo DSpace inatumia mfumo uitwao Handle. Mwanaparokia ataelewa haraka tukitumia kitabu cha ubatizo. Ukibatizwa unaandikwa katika kitabu cha parokia na kupewa namba. Ukifunga ndoa Mbeya, au ukapewa daraja takatifu Mwanza, taarifa inarudishwa kwenye parokia ile ya ubatizo na kuandikwa pembeni mwa jina lako. Wewe unahama, namba haihami, na anayetaka kujua habari zako anaanzia hapo. Handle ni hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza ya namba inaitambulisha taasisi, ya pili inaitambulisha kazi. Seva ikihamishwa, taasisi inarekebisha mahali namba inapoelekeza, na viungo vya zamani vinaendelea kufika.

Ila namba ya taasisi lazima isajiliwe, kwa ada ndogo ya kila mwaka. Ukipita katika hifadhi nyingi za vyuo utakuta anwani zenye 123456789. Hiyo si namba ya chuo chochote. Ni ya mfano, iliyowekwa na watengenezaji ili programu iweze kuwaka mara ya kwanza, nao waliosakinisha hawakuibadilisha. Ni kama parokia iliyochapa vyeti vyenye maneno "Parokia ya Mfano" juu yake, ikaendelea kuvigawa miaka yote. Ndani ya chuo kiungo kinafanya kazi, kwa hiyo hakuna anayeona kasoro. Siku hifadhi itakapohamia anwani nyingine, mfumo wa Handle hautakuwa na la kusema juu ya namba hizo. Tunakiri kwamba hata ya kwetu ya majaribio ina 123456789 mpaka tunapoandika haya. Ombi la ada liko mezani kwa padri mhazini.

Hifadhi nazo huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Kuna itifaki iitwayo OAI-PMH inayoruhusu mashine moja kuvuna metadata kutoka kwa nyingine. BASE ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, na CORE ya Open University, Uingereza, zinavuna hivyo kutoka hifadhi nyingi duniani. Mkutubi wa chuo akijaza vipengele vyake vizuri, mtu aliye Bielefeld anaweza kuiona tasnifu ya methali bila kujua kama chuo hicho kipo. Akiandika "tasnifu mpya kabisa 3" penye kichwa, mashine itavuna hayo hayo.

Padri mhazini wetu alipinga mpango huu kwa hoja ambayo si ya kudharau. Alisema: programu haina bei, sawa, lakini seva ina bei, umeme una bei, intaneti ina bei, na fundi hali majani. Je, si nafuu kuilipa kampuni? Ana haki kwa sehemu. DSpace 7, iliyotoka Agosti 2021, ilibadilisha kabisa sura ya nje na namna ya kusakinisha, na katikati ya mwaka 2023 toleo la 6 likaacha kuhudumiwa. Kwa chuo chenye fundi mmoja anayetengeneza pia printa na projekta, kuhama huko ni mzigo mkubwa, na seva isiyosasishwa ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Sisi wenyewe tulijaribu kusakinisha toleo jipya katika kompyuta yenye memori ya GB 4, ikakwama kabisa. Tulipoazima yenye GB 8 ndipo ikatembea, kwa kujikongoja.

Maoni yetu ni kwamba seminari ndogo hazina sababu ya kusimamisha kila moja seva yake. Ni afadhali kadhaa ziungane chini ya chuo kikuu kimoja au jimbo moja, kila moja ikiwa jumuiya ndani ya hifadhi ile ile. Na kuilipa kampuni si kosa. Zipo kampuni zinazoendesha DSpace kwa niaba ya vyuo. Swali ni moja tu la kuuliza kabla ya kutia sahihi: siku tutakapoachana, tutaondoka na nini? Mwenye DSpace anaweza kutoa kazi zote pamoja na metadata zake na kuziingiza kwingine. Kwa mfumo uliofungwa, jibu la swali hilo liko mikononi mwa muuzaji.

Uhuru huo wa kuondoka unaenda pia mpaka kwenye faili. Hati iliyoandikwa kwa muundo unaofahamika na kampuni moja inaweza kuzeeka pamoja na kampuni hiyo. Ndiyo maana hifadhi nyingi hutaka PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu. Maktaba ya Kitume ya Vatikano, katika kutunza kidijitali miswada yake ya kale, ilichagua FITS, muundo uliobuniwa na wanaastronomia kwa picha za nyota, kwa kuwa maelezo yake yako wazi kwa yeyote na hauna mmiliki wa kuufunga.

DSpace pia inaweka kwa kila faili namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika, namba inabadilika. Ukikagua baada ya mwaka na namba ikawa ile ile, faili halijaguswa. Tuliosoma habari za jahazi la Theseus, lililobadilishwa mbao zote moja baada ya nyingine, tulibishana jioni nzima kama nakala ya nakala ya faili bado ni faili lile lile. Hatukuafikiana. Kompyuta haina tatizo hilo.

Ukaguzi huo hauna faida ikiwa nakala zote zimo ndani ya jengo moja. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa msituni uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, palipokuwa na maelfu ya vitabu vya mkusanyo wa masomo ya Afrika. Seva iliyo chumba cha pili ingeungua vile vile. Nakala rudufu ikae mji mwingine.

Linabaki suala ambalo programu haiwezi kulitatua. Anayeweka kazi katika DSpace huombwa akubali leseni inayokipa chuo ruhusa ya kuitunza na kuisambaza, huku haki yake ya uandishi ikibaki kwake. Kwa mwandishi aliyekufa nani akubali? Hakimiliki haizikwi pamoja na mtu. Tena si kila kazi yafaa kuwa wazi. Mwanafunzi aliyeandika juu ya ndoa zilizovunjika katika parokia fulani amewanukuu watu ambao majirani watawatambua hata kama majina yamefichwa. DSpace inaruhusu faili kufungwa kwa kundi fulani, au kufungwa mpaka tarehe iliyopangwa, huku maelezo yake yakionekana. Kuamua lipi lifungwe ni kazi ya watu waliokaa na kulisoma.

Turudi kwa padri wetu. Nakala ya tatu ilikuwepo. Wakati wa likizo mwenzetu alisafiri hadi kijijini kwa dada yake marehemu, mama mzee ambaye sote sasa tunamwita Shangazi. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti na picha ya upadrisho. Baada ya shikamoo na chai, mwenzetu akaeleza kwamba tungependa kuipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuiweka katika kompyuta, ili wanafunzi waisome.

Shangazi akauliza, "Mkiiweka humo, mimi nitabaki na nini?"

Akajibiwa kwamba karatasi ni zake, hazitatoka nyumbani. Akanyamaza kidogo.

"Na huyo atakayeifungua huko mbali, atajua ni ya kaka yangu?"

"Atajua, Shangazi. Jina lake ndilo tutakaloandika la kwanza."

Akatia sahihi kwenye fomu ya ruhusa, polepole, kwa miwani ya mjukuu wake. Hifadhi yetu ya majaribio sasa ina kazi 12, na hiyo ni ya 12. Panya walishaipitia kabla yetu, kwa hiyo katika sehemu ya maelezo tumeandika: kurasa 41 hadi 58 hazipo, yeyote mwenye nakala kamili aombwe kuwasiliana na maktaba.